Mwaka Tulipomufundisha Kashindi Kuomba

Tulimuzika Mama Riziki asubuhi, na wakati watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini wakinawa mikono kwenye beseni pale mulangoni, nikaona mwanamuke amesimama upande wa barabara na mutoto mugongoni, anaangalia lupango letu, ua wetu, kama mutu aliyesahau nyumba ni ipi. Nilimutambua kwa mabega. Alikuwa Clarisse, yule mwalimu tuliyekuwa tunamuita Mamuazeli. Sikumupigia simu. Lakini habari ya kifo inavuka mupaka wa Kavimvira mbele ya watu wenye karatasi, na asubuhi ile ile ilikuwa imefika Bujumbura. Nikamuuliza nani alimuambia. Akasema, "Tate, Mama Riziki afe minye nikose kujua? Nilikula mandazi yake kila siku niliyovuka." Tate ni kusema nyanya, njo jina ambalo kartie nzima, mutaa wote, wananiita, hata wanaume wenye mvi. Nikamukamata mukono, nikamukalisha kwenye mukeka pembeni yangu, tukalia kidogo namna inavyotakiwa. Halafu akageuka, anaangalia kijana mumoja murefu aliyekuwa anabeba viti vya plastiki kutoka kanisani na kuvipanga katika lupango, muguu wa kiti kwa muguu wa kiti, mustari umenyooka kama kamba imevutwa.

"Ni yeye?" akauliza.

"Njo yeye. Ulifikiri nilimubadilisha sokoni?"

Kashindi, mujukuu wangu, alikuwa amebakiza kiti kimoja na hakukuwa na nafasi kwa sababu ya wanawake tuliokaa. Akaja mupaka mbele yangu, akanyoosha mikono yote mbili, akasema, "Tate. Nafasi." Nikasogea. Akaweka kiti, akaenda. Clarisse akafunika uso na kitenge chake akaanza kulia upya, na wanawake wengine wakatikisa kichwa wakisema huyu Murundi alimupenda marehemu sana. Ilikuwa kweli, alimupenda. Lakini mimi nilijua machozi yale yalikuwa ya nini, na tangu siku ile ule mwaka umerudi katika kichwa changu, umekaa kama mugeni ambaye hana haraka ya kwenda. Basi niuandike. Masomo yangu yaliishia chini, mujukuu wangu wa kike ananisahihishia herufi, lakini maneno ni yangu.

Ilikuwa mwaka ule ziwa lilipanda. Maji yaliingia katika nyumba za watu wa pwani, samaki wadogo wakawa wanaogelea pale watu walikuwa wanaweka vitanda. Nyumba yetu iko juu kidogo, haikuguswa. Mama yake Kashindi, binti yangu Furaha, alikuwa analima muchele kule Luberizi na kurudi siku za mwisho wa juma, na mutoto alibaki kwangu. Habari za baba yake tuziache, hazina kazi hapa. Kashindi alikuwa amefika umri wa kuanza shule lakini shule hakuna iliyomutaka, kwa sababu hakuwa anasema neno hata moja, na ukimuita jina lake ni kama umeita ukuta. Alitembea juu ya vidole. Sauti ya pikipiki ilimutupa chini. Kitu alichokipenda kuliko vyote ni ndagala zangu. Mimi ninauza ndagala, dagaa za ziwa letu, nimezianika pwani tangu nikiwa musichana, na nikizimwaga kwenye wavu wa kukaushia yeye anachukua moja moja anazilaza kwenye muchanga, kutoka kwa ndogo kama sindano mupaka kwa kubwa kama kidole, na hakosei. Wanawake wa pwani walikuwa wanakuja kuangalia ule mustari. Mumoja akasema ni mashetani yanamuonyesha. Nikamujibu kwamba kama shetani anajua kupanga ndagala vile, anikopeshe na mwingine.

Lakini ndani yangu sikuwa ninacheka. Siku moja alikanyaga kaa la moto pale jikoni. Mutoto yeyote angepiga kelele, angekimbilia kitenge cha nyanya yake. Yeye alienda kusimama nyuma ya nyumba, akapiga kichwa kwenye ukuta, pole pole, kama mutu anayetwanga. Nikafikiri ni zile tabia zake. Nikaona lengelenge kwenye unyayo wake jioni tu, wakati nilikuwa ninamuosha, kubwa na limeshapasuka. Nilikaa kwenye kigoda na ule muguu katika mikono yangu na nikaogopa kama sijawahi kuogopa, na nimeona vita, nimekimbia na sufuria juu ya kichwa zaidi ya mara moja. Kiu yake niliijua kwa namna alivyolamba mudomo. Njaa yake niliijua kwa saa. Usingizi niliujua kwa sikio, maana akisinzia lilikuwa linageuka jekundu. Nilikuwa mudomo wake. Na mudomo ule ulikuwa wa mwanamuke muzee. Nikifa, nani atajua kwamba mutoto huyu ana kiu? Njo swali nililokuwa nalala nalo na kuamka nalo, na mwaka ule wote ulikuwa juu ya swali lile.

Mwanamuke wa kwaya njo aliniambia kwamba nyuma ya parokia kuna chumba, na kuna Mamuazeli anavuka kutoka Bujumbura kuangalia watoto wa namna ile. Nikamupeleka. Clarisse alikuwa kijana, mwembamba, na viatu vya kanda. Aliniuliza maswali mengi kuhusu anavyokula, anavyolala, anavyocheza, halafu akasema ugonjwa ule una jina, unaitwa otisme, ila hata ugonjwa sio neno lake, ni namna ubongo wake umejengwa. "Haiko pepo, Tate. Haiko ulozi. Haiko kosa ya mama yake." Nikamuuliza dawa iko wapi. Akasema dawa haiko, iko kazi. Atatufundisha namna ya kumufundisha. Nikatoka pale nimekasirika kidogo, kwa sababu nilikuwa nimevaa kitenge cha kanisa na kutembea kwenye jua lote lile kwenda kutafuta kazi, wakati kazi ninayo nyumbani.

Siku aliyokuja nyumbani kwa mara ya kwanza, niliweka vitambaa vipya kwenye viti vya saluni, pale tunapokalisha wageni, na nikapika samaki wa mukeke na sombe ya majani ya muhogo, juu mugeni ni mugeni. Akaingia, akasalimia vizuri kwa mikono yote mbili, akavuka saluni yangu, akavuka viti vyangu, akaenda kukaa chini kwenye muchanga wa lupango. Nikamuletea kiti. Akakataa. Nikamuletea mukeka. Akasema aksanti, akauweka pembeni, halafu akalala kwa tumbo, sketi na yote, pembeni ya mujukuu wangu na mustari wake wa ndagala. Jirani yangu Mama Riziki, aliyekuwa anachoma mandazi kwenye mbabula yake ya makaa upande wa pili wa ua, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Sasa huyu naye wamemutoa kwa nani?"

Clarisse hakusema neno. Hakumugusa mutoto. Alikaa vile mupaka sombe yangu ikaanza kupoa. Halafu akachukua ndagala moja kutoka kwenye wavu, akaiangalia vizuri, akaiweka kwenye mustari wa Kashindi, mahali pake kabisa, katikati ya ile inayoizidi kidogo na ile inayozidiwa. Kashindi akasimamisha mukono. Akaangalia ile ndagala. Halafu akaangalia mukono ulioiweka, akaufuata kwa macho kutoka kwenye vidole mupaka kwenye kiwiko, kama mutu anayefuata njia aone inatoka wapi. Mimi nilikuwa nimesimama pale na sahani. Mutoto huyu nilimubeba, nilimuosha, nilimulisha, na sikuwa nimewahi kumuona akishangaa kwamba kuna mutu mwingine duniani. Mama Riziki aliacha mandazi yake yakaungua.

Baada ya kula, Clarisse akaniuliza mutoto anapenda nini zaidi kwa mudomo. Nikasema mandazi ya huyu jirani, anapewa kila asubuhi. "Anaomba?" Nikacheka. Nikasema mutoto wa kwetu haombi kwa watu, na huyu hata kwangu haombi, mimi ninajua. Ninajua kabla yeye hajajua. Nilisema vile kwa majivuno, na ni haki yangu. Clarisse akatikisa kichwa, akasema polepole, "Njo bile, Tate. Weye unamujua sana. Sasa yeye iko na sababu gani ya kukuambia?" Nilienda kuosha vyombo, na nikaviosha kwa muda murefu.

Kazi yenyewe ukiisikia ni ndogo kama kitu cha kuchekesha. Unakata kipande cha mandazi. Unakishika pale mutoto anakiona. Hukitoi. Unangoja. Akinyoosha mukono, hata kidogo, hata kwa kusaidiwa na mutu aliyekaa nyuma yake na kumushika viwiko, hapo hapo unampa na unafurahi naye. Halafu tena. Halafu tena. Clarisse alisema kila kitu kitajengwa juu ya pale: mikono kwanza, sauti baadaye kama Mungu anapenda. Nikamuuliza kama atamufundisha pia kuangalia watu machoni, maana mama mumoja kule parokia alisema mambo haya ya otisme yanataka mutoto akutolee macho. Clarisse akacheka. "Tate, minye ningemutolea mama yangu macho, ningelala njaa. Anaangalia mukono. Mukono inatosha."

Basi tukakosea, na tukakosea kwa namna ya watu wa kwetu. Alisema kipande kiwe kidogo kama ukucha. Mimi, nimupe mutoto chakula kama ukucha? Kuku njo unarushia vile. Siku za kwanza, Clarisse akishakwenda, mimi ninashika ndazi zima, mutoto ananyooshwa mukono, ninamupa zima, na maziwa ya kuteremshia. Anashiba. Ninashika la pili, anaondoka zake kwenda kwa ndagala. Nikamuambia Clarisse kazi yake inafanya mara moja tu kwa siku halafu inalala. Akaniuliza ninampa kiasi gani. Nikamuonyesha. Akakaa chini kabisa, akaweka kichwa kwenye magoti, mabega yanatikisika, na mimi nikafikiri analia. "Tate," akasema, "mutu ameshiba ataomba nini?"

Na mimi nilikuwa kosa ndogo. Kosa kubwa lilikuwa lupango zima. Katika avenue yetu, njia nzima ya nyumba zetu, mutoto akipita mbele ya sufuria anapewa. Haulizwi wa nani. Ukimuacha apite, kesho watasema una roho ngumu, na watasema kweli. Kashindi, kwa sababu hasemi, walikuwa wanampa mara mbili. Mama wa kona alimupa muhogo. Muzee mwenye baiskeli alimupa ndizi. Mama Riziki alimupa ndazi la kwanza la asubuhi, lile ambalo mufanyabiashara anasema linaleta wateja. Ninamufundisha mutoto kuomba kwenye upande huu wa ua, na upande wa pili wanamutia chakula katika mukono kabla hajafumbua macho. Nikazunguka nyumba kwa nyumba. Nikawaambia, tafadhali, mujukuu wangu akija, mushike kitu, mungoje, musimupe mupaka anyooshe mukono. Waliniangalia kama mutu aliyetoka kwenye malaria.

Mama Riziki alikuwa wa mwisho, juu nilimuogopa. Alikuwa mwanamuke munene na mukono wa kukanda unga, na ulimi kama ule mukono.

"Nikusikie vizuri," akasema. "Weye, uliyekuwa unapiga batoto yako vidole bakiangalia sahani ya batu, leo unataka huyu aombe?"

"Njo bile."

"Unamufundisha kuwa muombaji. Atakaa kule kwa mulango wa soko na kikopo."

"Ninamufundisha kusema anataka."

"Na minye nimushikie ndazi mbele ya uso, nimuangalie na njaa yake, nisimupe. Tate, minye siko na ile roho. Itafute kwa mutu mwingine."

Nikamuambia habari ya kaa la moto. Sikuwa nimemuambia mutu, hata Furaha sikumuambia yote. Nikamuambia kwamba mutoto yule aliungua pale, hatua chache kutoka kwetu sisi wawili, na hatukujua, kwa sababu hajui kwamba mutu anaweza kumuambia mutu. Na ndazi, nikasema, ni mulango tu. Mama Riziki akageuza mandazi yake moja moja, yote, mupaka karai nzima. Halafu akasema, "Kesho mulete. Lakini minye nitafunga macho."

Na alifunga kweli. Clarisse alikuwepo siku ile, amekaa nyuma ya Kashindi, mikono yake tayari kumushika viwiko. Wanawake walikuwa wamekusanyika na sufuria zao kama wanangoja maji ya bomba. Mama Riziki akakata kipande, akakinyoosha mbele yake, akafunga macho kwa nguvu kama mutoto anayechomwa sindano. Kashindi akaangalia kile kipande. Akazunguka kwa muguu mumoja. Akaguna. Akaanza ile sauti yake ya kabla ya kupiga kichwa, na mimi nikasogea, na Clarisse akaniinulia kidole bila kugeuka. Tukangoja. Sijui ilikuwa muda gani. Mafuta katika karai yalianza kutoa moshi na hakuna aliyesogea kuyatoa. Viwiko havikushikwa. Clarisse alikuwa amerudisha mikono yake kwenye mapaja. Na Kashindi akaleta mikono yake yote mbili, akaikusanya pamoja kama kikombe, akaiweka chini ya mukono wa Mama Riziki. Hakunyakua. Aliiweka pale chini akangoja.

Hakuna aliyemufundisha mbili pamoja. Sisi tulikuwa tunamunyoosha kiganja kimoja kimoja, namna ilivyotokea. Mikono mbili ni heshima, njo namna mutoto aliyelelewa anapokea kitu kwa mukubwa, na huyu aliyeitwa ukuta alikuwa ameona sisi wote tunafanya vile miaka yake yote, ameona na ameweka. Mama Riziki alisikia vidole vikimugusa, akafumbua macho, akaona. Akaachia kipande. Alikaa tu, mukono bado uko hewani, na machozi yakamushuka mupaka kwenye unga. Mama wa kona akasema polepole, kama yuko kanisani wakati wa kupandisha ostia, "Kumbe alikuwa hapa. Siku zote alikuwa hapa." Nimezaa, nimeona watoto wakivuta pumzi ya kwanza, na ninasema kwamba ile ya kwenye mbabula ilikuwa kubwa sawa na ile.

Sasa watu wakafikiri kazi imekwisha. Ilikuwa imeanza, na ilianza kwa fujo. Watoto wengine wa avenue waliona kwamba ukipeleka mikono mbili kwa Mama Riziki unapata ndazi na wanawake wanapiga vigelegele. Katika juma lile wote walikuwa wanazunguka nyumba kwa nyumba na vikombe vya mikono, hata wale wakubwa wenye meno ya mbele yaliyong'oka, hata mutoto wa katekista. Mama zao wakanijia. "Tate, unatuharibia batoto." "Tate, wangu ameenda kuomba mupaka kwa muchungaji." Nikaona kazi inakufa. Lakini Mama Riziki, ambaye sasa alikuwa amekuwa kama bwana shule, akasimama na muiko wake. Akasema kila anayetaka atasimama kwenye mustari, na atapata kipande kama ukucha, na Kashindi naye atasimama kwenye mustari kama mwingine. Akaanza kuchoma vidogo, vya duara, kama gololi. Na mujukuu wangu, ambaye hakuweza kukaa karibu na mutoto mwingine bila kukimbia, akapenda ule mustari. Mustari ni kitu chake. Alisimama ndani yake na kichwa cha mutoto mbele na pumzi ya mutoto nyuma, akangoja zamu. Kama mutu alichelewa kusogea, alimusogeza yeye mwenyewe mahali pake, kama ndagala. Clarisse alipokuja na kukuta vile, aliniuliza nani ametufundisha. Nikamuambia tulikuwa tunazuia ghasia tu. Akasema kwao wanahangaika sana kupata watoto wa kufanya vile na mutoto mumoja, na sisi tunao avenue nzima, bure.

Halafu mupaka ukafungwa. Siku moja tu tukasikia Kavimvira hakuna anayevuka, na haikujulikana mupaka lini. Clarisse alipiga simu. Sauti yake ilikuwa inakatika. Akasema, "Tate, muendelee. Muko na kila kitu." Nikamuambia sina kila kitu, sina wewe. Akasema tutafanya kwa simu. Na tulifanya. Ninapanda pale kwenye kilima kidogo nyuma ya shule ambapo mutandao unashika, ninamuambia amefanya hivi na hivi, na yeye ananiambia sasa ongeza hiki. Tukatoka kwenye ndazi tukaingia kwenye maji. Tukatoka kwenye maji tukaingia kwenye muchezo wa kumumwagia muchanga kwenye mikono, alioupenda. Ukatoka mulio mumoja, "ma," siku ya mvua, kwa maji. Furaha alikuwa amerudi kutoka Luberizi. Alisikia "ma" akafikiri ameitwa yeye, na mimi nikamuacha afikiri. Alikuwa amestahili. Lakini ninasema ukweli: vile vyote vilikuwa vitu vya kutamani. Anataka kula, anaomba. Anataka kucheza, anaomba. Kitu cha kuumiza hakukileta kwa mutu. Akianguka alienda nyuma ya nyumba. Nilimuuliza Clarisse kwenye simu namna ya kumufundisha kuomba musaada kwa maumivu. Akasema ni ngumu, maumivu hayashikwi mukononi, huwezi kuyaonyesha na kungoja. Akasema, "Itakuja, Tate, au haitakuja. Tuendelee na ile iko."

Mwisho wa kiangazi cha mwaka ule nilikuwa pwani, ninageuza ndagala kabla jua halijawa kali. Maji yalikuwa yameanza kurudi kidogo na kuacha matope. Kashindi nilimuacha nyumbani kwenye macho ya Mama Riziki, na saa ile njo ilikuwa saa ya mustari wa mandazi. Nikainua kichwa, nikamuona anashuka. Peke yake. Anatembea kwa unyayo wote, si kwa vidole. Nyuma yake, mbali, Mama Riziki anamufuata na muiko bado mukononi, hamuiti, anafuata tu. Kashindi alipita kwenye nyavu za ndagala za watu, zimetandazwa kila upande, na hakuziangalia. Hapo njo nikasimama. Alikuja mupaka mbele yangu, akakusanya mikono mbili kama kikombe, akaniinulia.

Nikampa maji katika kikombe changu. Akayasukuma. Nikachukua muchanga, nikamumwagia kwenye viganja. Akaumwaga chini. Nikatafuta kwenye kitenge, kulikuwa na kipande cha muhogo, nikamupa, akakirudisha katika mukono wangu na akaleta mikono ile ile tena, mitupu, mbele ya tumbo langu. Mama Riziki akafika, anahema. "Ameacha mustari," akaniambia. "Zamu yake ilifika, nimemushikia ndazi, ameniangalia tu, akatoka. Tate, anaomba nini?" Nikasema sijui. Nikapiga magoti kwenye matope. Nikamuambia, Kashindi, sijui, nionyeshe. Akakamata mukono wangu, akafungua vidole vyangu kimoja kimoja, akauchukua akauweka kwenye sikio lake la kushoto. Akaubonyeza pale. Na sikio lilikuwa la moto kama jiwe la jikoni.

Tulimupeleka kwenye dispanseri vile tulivyo, mimi na matope, Mama Riziki na unga. Njia nzima alikuwa ameushikilia mukono wangu pale pale, kwa hiyo nilitembea nimeinama upande kama mutu mwenye kibiongo, na watu wa barabarani walituangalia. Sikusikia mugongo. Nilikuwa ninafikiri kwamba katika kichwa hiki kidogo kilichokuwa kinawaka moto, mutoto aliamua. Aliacha ndazi. Aliacha ukuta. Alishuka njia nzima mupaka kwenye ziwa kwa sababu aliamini kwamba kule chini kuna mutu, na mutu yule anaweza kuambiwa.

Infirmie, muuguzi wa pale, alikuwa kijana mupya, hatujuani. Alimulika ndani ya sikio na taa yake ndogo, Kashindi akanishika kitenge na akaruhusu. Akasema usaha umejaa, tumekuja vizuri, ingekaa siku zingine ingepasua ngozi ya ndani. Akaandika dawa. Halafu akamuangalia Kashindi anavyotikisa vidole mbele ya macho, akaelewa ni mutoto wa namna gani, akaniuliza, "Hawa hawasemagi. Nani aliwaambia ni sikio?"

Mama Riziki alifungua mudomo ajibu. Nikamukanyaga muguu, kwa sababu jibu lile lilikuwa langu.

"Yeye mwenyewe aliniambia," nikasema.

"Anasema?"

"Anasema."